Mti wa Mtindo au Mti wa Ngeli? Uhakiki wa Mbinu za Upangaji-Makundi katika Programu za Uchanganuzi wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Programu za uchanganuzi wa matini zimewapa wahakiki uwezo wa kuzipanga kazi nyingi za fasihi katika makundi kwa kuhesabu maneno yanayojirudia. Makala haya yanahakiki mbinu hizo, hususan kipimo cha Delta na upangaji-makundi wa ngazi, kwa kuzingatia umbo la neno la Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba maneno ya kisarufi, ambayo mbinu hizo huyachukulia kuwa hayafungamani na mada, katika Kiswahili hubeba upatanisho wa ngeli. Kwa hiyo, mti unaotolewa na programu unaweza kuwa ushahidi wa mambo yanayosimuliwa, au wa nafsi ya msimulizi, huku ukisomwa kama ushahidi wa mtindo wa mtunzi. Makala haya yanapendekeza hatua za kupunguza tatizo hilo na kutahadharisha dhidi ya kuamua utunzi wa tungo za kale kwa kutegemea michoro ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayeingiza riwaya kumi au ishirini katika programu ya stailometria, yaani upimaji wa mtindo kwa takwimu, hupata jibu baada ya dakika chache. Jibu hilo ni mchoro wa mti ambao matawi yake huziweka kazi hizo karibu au mbali. Kazi za mtunzi mmoja zikikaa kwenye tawi moja, mtafiti huandika kwamba upekee wa mtindo wa mtunzi huyo umethibitika. Kazi moja ikitengana na nyingine, huandika kwamba mtunzi alibadili mtindo. Hitimisho hizo zinaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, kabla ya kuzikubali, kuna swali linalopaswa kujibiwa: mti huo umepima nini?

Ubishi kuhusu mbinu hizi si mgeni katika uhakiki wa fasihi. Da (2019), katika jarida la Critical Inquiry, aliwashutumu watafiti wa fasihi wanaotumia kompyuta kwa kutoa matokeo ambayo ama yalikwisha kujulikana, ama hayahimili kurudiwa kwa vipimo vingine. Waliomjibu walitetea uwezo wa takwimu kuonyesha ruwaza ambazo jicho la msomaji mmoja haliwezi kuzikusanya. Mabishano hayo, hata hivyo, yalihusu kwa kiasi kikubwa matini za Kiingereza. Kiswahili kina tatizo lake la ziada, nalo limo ndani ya kipashio ambacho programu hukihesabu kabla ya jambo lingine lolote: neno.

2.0 Namna Makundi Yanavyoundwa

Msingi wa mbinu hizi ni dhana kwamba mtunzi hutambulika kwa maneno madogo asiyoyachagua kwa makusudi. Mosteller na Wallace (1964) walichunguza makala 12 yaliyobishaniwa kati ya 85 ya The Federalist, na wakategemea zaidi maneno ya kisarufi ya Kiingereza kuliko msamiati wa siasa uliojaa katika makala hayo. Sababu yao ilikuwa na mantiki: Hamilton na Madison wote wawili waliandika kuhusu katiba, hivyo msamiati wa katiba usingeweza kuwatenganisha. Tofauti ilitafutwa katika maneno ambayo hayategemei kinachozungumzwa.

Burrows (2002) aliirahisisha kazi hiyo kwa kipimo alichokiita Delta. Hatua zake ni chache. Kwanza, huorodheshwa maneno yanayojirudia zaidi katika matini zote kwa pamoja, kwa mfano 100 au 150. Pili, kila neno hutafutiwa kiwango cha kujirudia katika kila matini. Tatu, kiwango hicho hugeuzwa kuwa alama sanifu: hutolewa wastani wa neno hilo katika korpasi nzima, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa mkengeuko wake sanifu. Nne, umbali kati ya matini mbili huwa wastani wa tofauti za alama hizo, bila kujali ishara. Hatua ya tatu ina athari ambayo aghalabu hupuuzwa. Baada ya kusanifishwa, kila neno katika orodha huwa na kura moja yenye uzito ule ule, liwe limejirudia mara elfu kumi au mara mia mbili.

Umbali huo ndio unaoingizwa katika algorithimu ya upangaji-makundi. Njia ya Ward (1963), inayotumiwa sana katika stailometria, huanza kwa kuichukulia kila matini kuwa kundi la peke yake. Kisha, katika kila hatua, huunganisha makundi mawili ambayo muungano wao huongeza kwa kiasi kidogo zaidi mtawanyiko wa ndani, hadi matini zote zinapokuwa kundi moja. Njia ya k-wastani, inayohusishwa na MacQueen (1967), humtaka mtafiti ataje mapema idadi ya makundi anayoyataka, na akitaja manne hupewa manne. Njia zote mbili zina sifa moja ambayo mhakiki hapaswi kuisahau: hazina uwezo wa kukataa. Ukiziingizia matini ambazo hazina makundi yoyote ya maana, bado zitatoa makundi. Kuwapo kwa tawi katika mchoro, kwa hiyo, si ushahidi kwamba tawi hilo lipo katika fasihi.

3.0 Neno la Kisarufi Lisilo Huru

Tatizo la Kiswahili linaanza pale dhana ya uhuru wa maneno ya kisarufi inapohamishwa bila kuhojiwa. Katika Kiingereza, neno la kuonyesha umilikaji au uhusiano lina umbo moja, liwe linatanguliwa na jina la mtu, kiti au mto. Katika Kiswahili, a-unganifu hubadilika kufuata ngeli ya nomino inayoitangulia: wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa, mwa. Maneno haya ni miongoni mwa yanayojirudia sana katika matini yoyote ya Kiswahili, na hivyo huingia katika orodha ya programu bila kukosa. Lakini uamuzi wa kutumia cha badala ya wa haumo mikononi mwa mtunzi. Umo katika nomino, na nomino hutokana na mada.

Tuchukue sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya mjadala huu:

(1) Mke wa mvuvi alimwita mtoto wa jirani, na wazee wa mtaa wakatoka nje kumsikiliza.

(2) Chombo cha mvuvi kilivunja kidaraja cha jirani, na vipande vya mbao vikatawanyika majini vikielea.

Kila sentensi ina maneno 14. Kila moja ina virai vitatu vya nomino vilivyojengwa kwa a-unganifu, imeunganisha vishazi vyake kwa na, na imetumia -ka- kusogeza tukio la pili. Msomaji yeyote atakubali kwamba zimeandikwa kwa mkono mmoja. Kwa programu, hata hivyo, sentensi ya kwanza ina wa tatu na haina cha wala vya, ilhali ya pili ina cha mbili na vya moja na haina wa hata moja. Maneno pekee yanayopatikana katika sentensi zote mbili ni na, mvuvi na jirani. Kipimo kinachodai kupima mtindo kimeziona sentensi hizi kuwa ngeni kwa kila mmoja kwa sababu ya kwanza inahusu watu na ya pili inahusu vitu. Lau a-unganifu ingehesabiwa kama kipashio kimoja, kila sentensi ingekuwa na matatu kati ya 14, na ufanano wao ungeonekana.

Mtu anaweza kujibu kwamba katika riwaya nzima tofauti hizi husawazika, kwa kuwa kila riwaya ina watu na vitu. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini linasahau usanifishaji wa Delta. Ngeli haiji katika orodha kwa neno moja. Ngeli ya KI-VI huleta cha, chake, hiki, hicho, kile, ambacho na chote, pamoja na maumbo ya wingi ya yote hayo. Kila umbo linaloingia katika orodha hupata kura yake, na kura hizo hupanda na kushuka pamoja. Riwaya ambayo chombo, kijiji au kiwanda ni kiini cha matukio yake itasogezwa kwa msukumo mmoja uliohesabiwa mara saba au nane. Wakati huohuo, lakini, bali, ila na walakini, ambayo ni machaguo halisi ya mtunzi anapotaka kupinganisha mawazo, hupata kura moja moja tu.

Mtawanyiko huo huathiri pia machaguo ambayo wanaelimumitindo wa Kiswahili wameyathamini kwa muda mrefu. Mtunzi anaweza kuandika mtu aliyekuja au mtu ambaye alikuja. Upendeleo wa amba- dhidi ya kirejeshi cha ndani ya kitenzi ni alama nzuri ya mtindo, kwa sababu mara nyingi sarufi huruhusu yote mawili. Lakini programu inayogawa matini kwa nafasi tupu huuvunja upendeleo huo katika ambaye, ambao, ambacho, ambavyo, ambayo na mengineyo, ambayo baadhi yake hayatafikia orodha ya maneno 100. Upande wa pili wa chaguo hilo, yaani -ye-, -o- na -cho- zilizomo ndani ya vitenzi, hauhesabiwi kabisa.

Haya hayapaswi kumshangaza anayefuatilia tafiti za lugha nyingine. Rybicki na Eder (2011) walipolinganisha ufanisi wa Delta katika lugha kadhaa, walikuta kwamba haufanani, na kwamba Kipolandi na Kilatini hazikutoa matokeo mazuri kama Kiingereza na Kijerumani. Wingi wa maumbo ya neno ulikuwa miongoni mwa sababu zilizofikiriwa. Kiswahili, ambacho hubebesha kitenzi kimoja nafsi, njeo, ukanushi, urejeshi na yambwa, kinastahili tahadhari isiyopungua hiyo.

4.0 Nafsi ya Msimulizi na Ugawaji wa Maneno

Katika stailometria ya Kiingereza inajulikana kwamba viwakilishi vya nafsi hupotosha matokeo: riwaya zinazosimuliwa katika nafsi ya kwanza hujikusanya pamoja bila kujali watunzi wake. Kwa sababu hiyo, programu ya stylo, iliyotayarishwa na Eder, Rybicki na Kestemont kwa lugha ya R, humpa mtumiaji uwezo wa kuviondoa viwakilishi kwa kutumia orodha. Katika Kiswahili njia hiyo haisaidii sana. Mimi na yeye zinaweza kufutwa, lakini nafsi ya msimulizi haikai huko. Inakaa katika nili-, nika-, si- na ali-, ndani ya vitenzi ambavyo vyenyewe havifiki kwenye orodha isipokuwa vichache kama alikuwa, nilikuwa, akasema na nikasema. Vichache hivyo hutosha kuutikisa mti.

Riwaya za Euphrase Kezilahabi zinafaa kuonyesha hatari hiyo. Rosa Mistika (1971) inasimuliwa katika nafsi ya tatu, ilhali Kichwamaji (1974) inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Nagona (1990) nayo ina msimulizi wa nafsi ya kwanza. Uhakiki umezoea kuugawa utunzi wa Kezilahabi kati ya riwaya za kihalisia za miaka ya 1970 na riwaya za kifalsafa, Nagona na Mzingile (1991). Tuseme mtafiti anazipanga kazi hizo katika makundi na kuona Kichwamaji imeondoka kwa wenzake wa kihalisia na kusogea kwa Nagona. Anaweza kuandika, kwa furaha inayoeleweka, kwamba mbegu za riwaya za baadaye zilikuwamo tayari mwaka 1974. Dai hilo linaweza kutetewa kwa usomaji wa dhamira ya upweke na kutoamini katika Kichwamaji. Haliwezi kutetewa kwa mti huo mpaka ithibitishwe kwamba kilichozisogeza riwaya hizo karibu si nilikuwa na nikasema. Katika hali hii uchaguzi wa nafsi ya usimulizi ni jambo la kifasihi, na mhakiki ana haki ya kulijadili. Kosa ni kuliita kwa jina jingine.

Kuna pia suala la ugawaji wa maneno, ambalo hufanyika kabla ya hesabu yoyote. Mpangilio wa Kiingereza katika stylo huchukulia alama ya king'ong'o cha Kiswahili kama alama ya ufupisho wa Kiingereza, na hukata neno hapo. Matokeo yake ng'ombe huwa ng na ombe, na kichwa cha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, hutoa n kama neno linalojitegemea. Riwaya yenye wafugaji, au yenye mazungumzo yanayofuata matamshi ya Unguja, itapata kwa njia hiyo maneno mafupi ya bandia yanayojirudia sana. Mtafiti asiyeikagua orodha ya maneno yaliyotumika hatajua kwamba tawi lake limetegemezwa na alama ya uandishi.

5.0 Tungo za Kale na Kishawishi cha Uamuzi

Katika riwaya za kisasa kosa la aina hii hurekebishika, kwa kuwa jina la mtunzi limo kwenye jalada. Hatari ni kubwa zaidi katika tungo za kale, ambako jina lenyewe ndilo linalotafutwa. Nyimbo zinazohusishwa na Fumo Liyongo zimetufikia kwa mapokeo ya mdomo na kwa miswada iliyonakiliwa muda mrefu baada ya zama zake. Ni rahisi kufikiri kwamba upangaji-makundi ungeweza kutenganisha zilizo zake na zilizopachikwa jina lake. Kuna sababu tatu za kutilia shaka matumaini hayo.

Kwanza, urefu. Eder (2015) alionyesha kwamba utambuzi wa mtunzi huyumba sampuli zinapokuwa fupi, na kwa riwaya za Kiingereza alipendekeza kiasi cha maneno 5,000. Kwa kuwa neno moja la Kiswahili hufanya kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza, kiasi hicho hakiwezi kuhamishwa jinsi kilivyo, lakini ni wazi kwamba wimbo wa beti chache hauko karibu nacho. Pili, bahari. Mtunzi wa utenzi anayefungwa na mizani minane kwa kila kipande huchagua maneno ya kisarufi kwa masharti ambayo mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita hana. Mti utazigawa bahari kabla haujawagawa watunzi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni mkono wa mnakili na wa mhariri. Miswada ya hati za Kiarabu aghalabu haikutofautisha e na i, wala o na u, na mipaka ya maneno ndani yake hailingani na ya othografia ya leo. Anayeipeleka matini katika hati za Kirumi ndiye anayeamua mambo hayo, na kila mhariri ana mazoea yake. William Hichens alihariri Al-Inkishafi (1939) na Diwani ya Muyaka bin Haji (1940), kazi za watunzi wawili tofauti kutoka sehemu mbili za pwani. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia miswada Hichens na Ernst Dammann, naye mwenyewe alikuwa mtunzi. Tungo zilizopita katika mikono hiyo zikikaa kwenye tawi moja, mti utakuwa umemtambua mtu halisi, lakini huenda ni mhariri au mnakili. Hilo lingekuwa ugunduzi wa thamani kwa historia ya miswada. Likisomwa kama jibu la swali la utunzi, litakuwa limempokonya mtunzi mmoja kazi yake na kumpa mwingine, na hukumu ikishachapishwa pamoja na mchoro ni vigumu kuiondoa katika marejeo ya watakaofuata.

6.0 Mapendekezo

Uhakiki huu haukusudii kuwazuia watafiti wa Kiswahili kutumia programu hizi. Unakusudia kutaja masharti ya kuzitumia. Sharti la kwanza ni kuchagua kipashio. Zana zipo: kichanganuzi cha mofolojia kilichotokana na kazi ya Arvi Hurskainen, ambacho ndicho msingi wa maelezo ya kisarufi katika Helsinki Corpus of Swahili, huweza kutambua kwamba cha na vya ni a-unganifu moja, na kwamba aliyekuja ina kirejeshi ndani yake. Upangaji-makundi ufanywe angalau mara tatu juu ya matini zilezile: kwa maneno jinsi yalivyoandikwa, kwa maneno yaliyoondolewa upatanisho, na kwa orodha ya maneno yasiyobadilika tu, kama lakini, bali, hata, katika, kwamba, ili, basi, tena na bila. Tawi linalobaki katika miti yote mitatu lina madai ya nguvu. Tawi linalotoweka upatanisho unapoondolewa lilikuwa tawi la ngeli.

Hata hivyo, toleo lenye upatanisho lisitupwe. Mtunzi anayependa kudunisha wahusika wake kwa kuwaita kijitu na kijizee, au kuwakuza kwa ukubwa, huitumia ngeli kama nyenzo ya mtindo. Kulinganisha miti yenye upatanisho na isiyo nao kutaonyesha mahali ambapo ngeli inafuata mada tu, na mahali ambapo mtunzi anaichezea. Kazi hiyo ya mwisho haiwezi kuachiwa programu. Inahitaji kurudi kwenye ukurasa.

Sharti la pili ni kujaribu uthabiti. Mti wa maneno 100 unaweza kutofautiana na wa maneno 300 au 500, na mtafiti anayeonyesha mmoja tu amemnyima msomaji nafasi ya kujua kama mwingine ulipinga. Mti wa mwafaka, unaokusanya matokeo ya orodha za urefu mbalimbali na kubakiza matawi yanayojirudia, ni hatua ya mbele, ingawa hauponyi kosa la kipashio: makosa mia moja ya aina moja hukubaliana. Kipimo cha siluoti cha Rousseeuw (1987), kinacholinganisha ukaribu wa matini na kundi lake dhidi ya kundi jirani, kinaweza kumwonyesha mtafiti kwamba makundi aliyopewa ni dhaifu.

Sharti la tatu ni uwazi. Makala au tasnifu inayotoa mti itaje toleo la matini lililotumika, namna maneno yalivyogawanywa, urefu wa orodha, kipimo cha umbali na njia ya kuunganisha. Zaidi ya yote, itaje maneno yaliyochangia zaidi katika kila mgawanyiko mkuu. Sharti hili la mwisho ni jepesi kulitimiza, na lingetosha kufichua mengi kati ya makosa yaliyojadiliwa hapa. Mtahini akiona kwamba tawi limetenganishwa na vyake, hivi na ng, atajua la kuuliza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mbinu za upangaji-makundi, zilivyo katika programu zinazotumika sana, zimebeba dhana kuhusu neno la kisarufi ambayo Kiswahili hakiitimizi. Upatanisho wa ngeli huyafunga maneno madogo na mada, nafsi ya msimulizi hujificha ndani ya vitenzi, na ugawaji wa maneno huweza kuzalisha maneno yasiyokuwapo. Katika tungo za kale huongezeka bahari, mnakili na mhariri. Kwa hali hiyo, mti ambao haukuambatana na orodha ya maneno yaliyoujenga haupaswi kupokewa kama ushahidi wa utunzi wala wa mabadiliko ya mtindo. Ukiambatana nayo, unaweza kumwelekeza mhakiki kwenye kurasa ambazo hakufikiria kuzisoma pamoja. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakiichambua ngeli kwa zaidi ya karne moja, na hakuna sababu ya ujuzi huo kuwekwa kando pale kompyuta inapowashwa.